Siku Jiko la Yasna Lilipolala

Tegua hiki kwanza, ndipo tuendelee. Nina babu nyumbani, hali nyama wala viazi, anakula msitu tu. Akishiba, kijiji kizima kinajua. Akilala na njaa, kijiji kizima kinakuja mbio.

Hujui? Basi nipe kisiwa. Umenipa Chiloé, kule kusini mwa Chile? Nimepokea. Nilipofika Chiloé mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake, nikaingizwa jikoni, nikawekwa karibu na babu mwenyewe: jiko la kuni, la chuma, linalowashwa alfajiri na halizimwi mpaka watu waende kulala. Moshi ukionekana juu ya paa, maana yake wenyewe wapo, birika limechemka, ingia unywe mate, ile chai yao chungu ya kibuyuni. Moshi usipoonekana, kuna jambo.

Yasna Barría alilijua hilo vizuri, maana alizaliwa hapo hapo, Llinhue, kisiwa kidogo kati ya vile vinavyoizunguka Chiloé. Alikuwa nesi wa zahanati, na alikuwa peke yake. Daktari alikuja kwa boti mara moja kwa mwezi, bahari ikikubali. Siku nyingine zote daktari alikuwa Yasna, mkunga Yasna, mng'oa meno Yasna, na mwenye ufunguo wa stoo ya dawa Yasna. Na kazi aliipenda, tusimsingizie. Watoto wote wanaokimbia pale ufukweni sasa hivi, yeye ndiye aliyewapokea.

Kuchoka kwake hakukuanza kwa kishindo. Kwanza alisahau jina la mtoto aliyempima uzito tangu alipozaliwa. Halafu ikawa kila Jumapili jioni, akiiona ile nguo nyeupe ya kazi imetundikwa, anaifunika kwa shuka asiione. Siku moja birika lilipiga mluzi, naye akakaa chini akalia, hata hakujua analilia nini. Akajifuta uso, akamimina maji, akaenda kazini.

Mpaka ilipofika siku ya chanjo ya mtoto wa Nolfa. Yasna alishavuta dawa kwenye sindano, mtoto kashikwa, mama kageuza uso. Ndipo akaona rangi ya kifuniko cha kichupa mezani. Haikuwa dawa yake. Aliitupa, akachukua iliyo sahihi, akamchoma mtoto, akamtania kidogo asilie. Nolfa hakujua kitu. Walipoondoka, Yasna alifunga zahanati, akaenda nyuma ya nyumba akatapika.

Boti iliyofuata alipanda, akaenda mjini Castro kwa Daktari Sepúlveda, mama mmoja asiye na maneno mengi.

"Unalala?" daktari akamuuliza.

"Nalala. Lakini naamka kama mtu aliyebeba magunia usiku kucha."

"Unakula?"

"Nikikumbuka."

Akamweleza na habari ya kichupa. Daktari akaweka kalamu chini.

"Umeishiwa, Yasna. Kazi imekunywa mpaka tone la mwisho, na bado inakinga kikombe. Kaa nyumbani mwezi mzima. Usiguse sindano. Usipime presha hata ya paka."

"Na mwezi ukiisha nami niko hivi hivi?"

"Basi usirudi. Mara ya pili hutakiona hicho kifuniko."

Yasna alirudi na maneno hayo tumboni. Akajiambia: mwezi ukiisha bila nafuu, nitakwenda kwa dada yangu Puerto Montt, nitamsaidia kuuza viatu dukani kwake, na Llinhue watafute nesi mwingine. Kulifikiria hilo tu kulimuuma. Lakini afadhali kuuza viatu kuliko kumzika mtoto wa jirani.

Majirani aliwaambia anaumwa mgongo. Angewaambiaje kwamba amechoka? Mama yake alimzaa yeye asubuhi, na kesho yake alikuwa shambani anachimba viazi. Pale watu wote wamechoka. Uchovu haukuwa ugonjwa, ulikuwa hali ya hewa, kama mvua.

Kutoka mjini walimleta wa kumshikia nafasi, Nesi Pamela, aliyekuja Jumanne na Ijumaa. Mwanamke mzuri tu, mpole. Basi unadhani watu walikwenda kwake? Zahanati ilibaki tupu, na mlango wa jikoni kwa Yasna haukufungwa.

"Hodi nimeshaingia!" Huyo ni Bi Uberlinda, jirani wa upande wa kanisani, kitambaa cha kichwani kinachuruzika maji. "Usiinuke, mwanangu, na mgongo huo! Kile kimashine cha presha kiko wapi? Nitajifunga mwenyewe, wewe soma tu."

"Bi Uberlinda, Nesi Pamela anakuja kesho."

"Yule mwenye mikono ya baridi kama samaki? Kaniambia nipunguze chumvi. Mimi! Hata kuku wangu hawajui chakula kisicho na chumvi."

"Na mimi nilikuambia upunguze chumvi."

"Wewe uliniambia kwa upendo."

Yasna akasoma. Presha ilikuwa juu, kama siku zote. Akamtilia mate, maana mgeni hatoki hivi hivi, na kibuyu cha mate kikishaanza kuzunguka hakina haraka. Bi Uberlinda alipotoka, aliingia Mzee Eleuterio, fundi seremala, na ukucha wa dole gumba uliomwingia nyamani.

"Kwa kuwa upo tu nyumbani, nesi," alisema, akivua kiatu.

Na baada ya Eleuterio, mwingine. Wote na neno lile lile: kwa kuwa upo tu. Walileta mikate, mayai, kome waliokaushwa kwa moshi, wakaweka mezani kwa roho safi, kisha wakapandisha mkono wa shati. Wiki ya kwanza ikaisha, Yasna akawa amechoka kuliko alipokuwa kazini, maana kazini angalau jioni anafunga mlango.

Kuwafukuza hakuweza. Kuwaambia ukweli hakuweza. Asubuhi moja aliamka, akatazama kuni alizopanga jana, akatazama jiko, akasema moyoni: leo huli. Akavuta pazia, akatia komeo mlangoni, akarudi kitandani, akajifunika mablanketi yote ya nyumba pamoja na koti.

Nyumba ikapoa. Hakuja mtu. Mvua ikacheza juu ya paa, hakuna hodi, hakuna kiatu kinachovuliwa, na Yasna akalala usingizi ambao hakuujua tangu lini, usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Aliamshwa na shoka.

Mlango wa jikoni uling'oka pamoja na komeo lake, akaingia Mzee Eleuterio na shoka mkononi na tepu ya kupimia mfukoni, kwa kuwa yeye ndiye pia aliyechonga majeneza ya kisiwa, na alitaka kuwa tayari. Nyuma yake Bi Uberlinda na rozari. Nyuma ya Bi Uberlinda, Nolfa na mtoto kiunoni, na mkate bado wa moto.

"Yu hai!" alipiga kelele Bi Uberlinda, akaangukia kitandani juu ya miguu ya Yasna. "Mama wee, yu hai! Nimekuombea njia nzima, tena kwa sauti, mpaka sauti imekauka!"

"Tuliona hakuna moshi," alisema Nolfa, anahema. "Nikamwambia mume wangu, Yasna kaanguka na mgongo ule, hawezi kuinuka."

"Na ukucha wangu nimekuja nao mbio hivi hivi," alisema Eleuterio, akificha tepu.

Bi Uberlinda alijiinua, akaenda jikoni, akashika jiko kwa kiganja. Akarudi.

"Limelala kabisa, baridi kama jiwe la mtoni. Moto umezimika kwa nini, Yasna?"

Yasna alifungua kinywa. Maneno yalikuwa yamepanga foleni pale pale nyuma ya meno. Akamtazama Nolfa, akamtazama yule mtoto kiunoni, anatafuna ukoko wa mkate.

"Si dohani imeziba!" alijibu Eleuterio kwa niaba yake. "Nilisema tangu mwaka jana, bomba lile la moshi halijasuguliwa. Au siyo, nesi?"

Kichwa cha Yasna kikaitikia chenyewe.

"Basi hakuna neno," alisema Eleuterio, na furaha ikampanda kama mtu aliyepewa zawadi. "Jumamosi tunafanya minga!"

Sasa, minga ni hivi: majirani wanakuja na nguvu zao na vyombo vyao, wanakufanyia kazi bure. Nyumba nzima wanaweza kuihamisha kwa maksai kutoka kilima hiki mpaka kile. Wewe mwenye nyumba unalo jukumu moja tu, kuwalisha. Na kuwalisha ni kuwalisha kweli, si kudonoa.

"Na jiko usiliguse mpaka Jumamosi," Eleuterio alimuonya. "Utakufa kwa moshi."

Ndivyo Yasna, mwenye jiko zima lisilo na ugonjwa wowote, alivyojikuta katika kibanda cha zamani nje ya nyumba, amechuchumaa mbele ya mafiga, moshi machoni, anachemsha nyama ya nguruwe na kuponda viazi vya kulisha watu wa minga. Alimenya mpaka vidole vikakunjamana. Kisu kikamkata mara kadhaa, akajifunga kitambaa akaendelea. Kila alipotaka kwenda kwa Bi Uberlinda akaseme, aliona aibu. Watu wamevunja mlango kwa kumpenda, leo akawaambie aliwafungia?

Jumamosi walikuja wote. Ngazi zikasimamishwa, brashi za waya zikaletwa, pombe ya matufaha ikaletwa, na mtu akaja na kodiani. Eleuterio akapanda juu ya paa na kamba kiunoni, kwa umri wake ule, mkewe anamtukana kutoka chini.

"Shuka, we mzee! Ukianguka sikuokoti!"

"Nikianguka nesi yupo!" alijibu Eleuterio, watu wakacheka.

Yasna alikuwa anagawa mchuzi. Mwanamume mmoja, huku anapokea bakuli, akafungua kinywa amwoneshe jino. Mwingine akamnong'oneza habari ya choo chake. Mwingine akasema, kwa kuwa upo. Yasna alimtilia Nolfa mchuzi, akageuka, akamtilia tena Nolfa yule yule, juu ya uliokuwamo, mchuzi ukamwagika mpaka kwenye kiatu cha mtoto.

"Yasna!" Nolfa alimvuta mtoto. "Umenitilia sasa hivi. Una nini?"

Mtoto hakuungua, mchuzi ulishapoa. Lakini Yasna alibaki ameshika upawa, anatazama kile kiatu kidogo, na baridi ikampita mgongoni, ule mgongo usiokuwa na ugonjwa.

Hapo ndipo Eleuterio alipopiga kelele kutoka juu.

"Jamani! Hii dohani!"

"Ina nini? Ndege kajenga?" aliuliza mkewe.

"Haina kitu! Safi kama sahani! Nimepitisha brashi mara tatu, masizi hayajazi hata kofia. Bomba hili linavuta moshi mpaka mbinguni!"

Kodiani ikanyamaza. Kila mtu akatazama paa, kisha kila mtu akamtazama Yasna. Bi Uberlinda aliweka bakuli lake chini, akajifuta mikono, akamsogelea, akamshika kidevu kama alivyokuwa akimshika alipokuwa msichana mdogo. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anamkagua, kama mtu anavyokagua kuku anayezubaa.

"Mwanangu," alisema polepole. "Siku ile sikukusikia ukinijibu. Eleuterio ndiye aliyejibu. Moto ulizimika kwa nini?"

Yasna alimpa Nolfa upawa aushike. Akakaa juu ya gogo, mbele za watu wote.

"Niliuzima mimi," alisema. "Nilitaka msione moshi, msije. Mgongo hauniumi, haujawahi kuniuma. Nimechoka, Bi Uberlinda. Nawapenda, na nimechoka na nyinyi wote, na makucha yenu na meno yenu na presha zenu. Nolfa, mwenzangu, nusura nimchome mwanao dawa isiyo yake, nikaiona mkononi kwa bahati tu. Ndiyo maana daktari kanifukuza kazini mwezi mzima. Mkiendelea kunijia itabidi niende kwa dada yangu nikauze viatu, na mimi sitaki kuuza viatu. Nataka kulala. Nataka niwashe jiko langu, nikae karibu yake nipate joto, moshi utoke, na asije mtu."

Bi Uberlinda aliingia jikoni, akaliwasha jiko kwa mkono wake, akatoka akawaondoa watu wote, na mpaka mwezi ulipoisha moshi ulitoka juu ya paa la Yasna kila siku bila mtu kupiga hodi.