Mfupa Usiokuwepo

Akech alirudi kutoka bombani na jerikani mbili, akamkuta mumewe amepiga magoti nyuma ya kibanda chao cha bati, kwenye laini, safu za nyumba za askari wa Naguru. Opoka alikuwa anapangusa mkono kwenye suruali ya kazi. Mbele yake mbwa wao, Kopla, alikuwa amefungwa kwenye nguzo, taya limelegea, mate yanamchuruzika kama uji.

"Mfupa umemkwama," Opoka alisema. "Nimeingiza mkono mpaka kooni, siupati. Lete kijiko."

Jerikani zikamponyoka Akech.

"Umeingiza mkono?"

"Sasa mfupa unatolewa kupitia mkia?"

Jirani yao Ojok, aliyekuwa ananyoa ndevu mlangoni pake, akacheka mpaka povu likamruka.

Akech aliukamata ule mkono. Kidole cha shahada kilikuwa na mkato wa kiwembe, wa jana, bado mbichi.

Tangu juzi alikuwa anaona. Kopla, mbwa wa kumrukia kila mpita njia, alijificha uvunguni akikwepa mwanga. Jana akakataa ugali wake wa posho, akatafuna makaa, na sauti yake ya kubweka ikakauka, ikawa mkoromo. Akech alisema. Nani alimsikiliza? Mwezi uliopita mganga wa mifugo alizunguka kwa maofisa wakubwa huko juu kilimani, akachanja mbwa wanaolala kwenye zulia. Huku laini hakushuka. Mbwa wa askari mdogo hana damu?

Na Akech hakusahau. Mwaka wa themanini na saba, vita vimeisha juzijuzi tu, kaka yake Oola alitafuta mfupa kama huohuo kwenye koo la mbwa, kule Namuwongo. Haukuwepo. Baada ya wiki sita walimfunga Oola kitandani kwa kamba, mwanamume aliyeponea risasi zote, akafa hamjui mama yake.

"Hakuna mfupa, Baba Amito. Hicho ni kichaa cha mbwa. Twende ukachomwe sindano."

"Mimi iko na paredi saa mbili."

"Utaenda paredi ya Mungu!"

"Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," Ojok alidakia.

"Cheka, Ojok. Jeneza utabeba wewe, upande wa kichwa."

Ojok akashusha kiwembe. Opoka alimtazama mbwa. Kopla alijaribu kufunga mdomo, taya likakataa. Macho yake yakampita bwana wake kama hamjui. Hapo ndipo rangi ilipomtoka Opoka. Akanyoosha mkono mwenyewe, na Akech akausugua kwa sabuni ya mche, maji yakimwagika, akasugua na kusugua mpaka mche ukabaki kipande.

Zahanatini, mganga msaidizi Erinayo alimchoma begani bila maneno mengi. Kisha akafungua friji, akaangalia, akaifunga taratibu.

"Inatakiwa tano. Hiyo ilikuwa ya mwisho. Mrudi siku ya tatu, labda zitakuwa zimekuja."

"Na kama hazijakuja?" Opoka aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine kabisa.

Erinayo akainua mabega.

Akech aliketi chini, katikati ya mlango, mgongo kwenye fremu, miguu kwenye fremu ya pili.

"Mama, unazuia wagonjwa."

"Simu ile pale mezani, daktari. Piga kwa wakubwa wako. Mimi sitoki hapa mpaka nisikie kwa masikio yangu sindano nne ziko wapi."

Foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Erinayo akamtazama, akamtazama Opoka, akanyanyua simu.

Iliita. Ikaita tena.