Maisha ya Mtumiaji

Mimi mdomo wangu hauna breki, hilo nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa mbele ya safari. Lakini katika nyumba ya marehemu mdogo wangu, mwaka ule alipokuwa anaumwa, nililazimika kujifunza kunyamaza. Wifi yangu alikuwa ametunga sheria ambayo hakuna aliyeipigia kura: habari za kufa hazitajwi. Hata ukisema "huko mbele tutaona," anakukata jicho, kisha anatoka nje kuanika nguo zilizokwisha kukauka. Na mdogo wangu alikuwa anakufa, jamani. Daktari alishamwambia, na yeye aliniambia mimi kwa sababu mtu hawezi kubeba neno kama lile peke yake. Alichotaka ni kuagana na mkewe vizuri angali ana sauti na akili zake. Mkewe hataki kusikia. Basi nikawa nakaa katikati ya watu wawili wanaopendana, kila mmoja anamficha mwenzake jambo ambalo wote wanalijua.

Majirani walimwita Rula. Alikuwa mrefu, kweli, lakini jina lilitoka kwenye kazi yake ya kuchora ramani za nyumba, na pia kwa sababu alinyooka mno huyu mtoto. Ukimrushia mzaha alikuwa anaupima kwanza kabla hajacheka. Mkewe walisoma naye chuo kimoja, darasa moja, na cheti alikuwa nacho kama cha mumewe, ila chake kilikuwa kimelala kabatini chini ya mashuka. Walipoanza maisha waligawana kazi: wifi anakwenda na utepe wake kupima viwanja na vyumba, Rula anachora. Wateja wakamjua kama mke wa Rula, yule wa kushika utepe. Kuchora alijua, tena mara nyingine alikuwa anamsahihisha mumewe ngazi zake hadharani, na Rula anafuta bila kinyongo.

Ugonjwa wa ini ulipomzidi nguvu, akawa hawezi tena kupanda ngazi kwenda ofisini. Ofisi na kompyuta akamwachia mwenzake waliyekuwa wakifanya kazi pamoja, yeye akahamia sebuleni. Tukasukuma makochi ukutani, meza ya kulia ikawa meza ya kazi, na sisi tukawa tunakula sahani zikiwa mapajani. Kompyuta mpya ikanunuliwa. Ikabaki programu ya kuchorea, na hiyo programu ndiyo iliyotuvuruga.

Fundi wa kompyuta alikuja asubuhi moja, baba mzima mwenye kitambi, akakaa kwenye kiti kikalia. Akafungua ukurasa akatuonyesha.

"Programu ni hii hii moja, ila namna za kulipia ziko mbili," akasema. "Ya kwanza mnalipia kila mwezi. Mkilipa inafunguka, msipolipa inajifunga. Ya pili mnanunua mara moja, basi, hamsumbuliwi tena. Hiyo wanaiita ya maisha."

"Ya maisha kama kifungo?" nikadakia.

Fundi akacheka mpaka kitambi kikacheza. Hata wifi alitabasamu. Rula yeye alikuwa anatazama ule ukurasa.

"Maisha ya nani?" akauliza.

Wallahi, aliuliza kama mtu anayeuliza unene wa ukuta. Na yule fundi, maskini ya Mungu, hakujua ameingia nyumba gani.

"Ya mtumiaji," akajibu bila kuinua kichwa. "Yaani yule ambaye jina lake limeandikishwa. Hiyo haihamishwi kwa mwingine. Ya mwezi ndiyo unaweza kubadilisha jina wakati wowote, hata leo hata kesho."

Mimi nilijifanya naokota uzi kwenye zulia. Wifi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe, na niliona vidole vyake vinakaza mgongo wa kile kiti.

"Basi tuchukue ya mwezi," Rula akasema.

Sasa hapa lazima mnielewe. Huyu alikuwa mtu asiyejua kukodi. Tulikulia katika vyumba vya kupanga, tukifukuzwa hapa tunahamia pale, na kitu kile kilimwingia kwenye damu. Alikataa kukodi viti vya harusi yake mwenyewe! Akavinunua vyote, watu wakamwona kichaa, na miaka iliyofuata kila aliyekuja kumtembelea aliondoka amepewa kiti. Leo mtu huyo anasema tulipie mwezi mwezi.

"Tangu lini wewe ukapanga kitu?" wifi akamuuliza.

"Tangu leo."

"Mwezi mmoja mmoja. Kwa nini? Unapima nini?"

"Mwenzangu, ni programu tu."

"Si programu!" akapaza sauti, nayo ikamkatikia njiani. "Fundi, tuandikie ya maisha."

"Fundi, ya mwezi," Rula akasema polepole.

Fundi akatutazama mmoja mmoja, akakunja nyaya zake, akasema atarudi tukishaelewana. Alitoka haraka kuliko kitambi chake kilivyoruhusu.

Nilimfuata wifi jikoni. Alikuwa anasugua sufuria safi.

"Wifi, mwache mwenzio achague kitu chake," nikamwambia. "Yeye ndiye mchoraji."

"Mtu anayejua ataishi hanunui mwezi," akanijibu. "Nawe usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Unadhani sioni mnavyonong'ona nikiingia?"

Ningeweza kumwambia pale pale, tukalia, tukamaliza. Sikuweza. Na nisiwadanganye, moyoni nilikuwa upande wake. Ukimwekea mtu neno maisha huku na neno mwezi kule, mkono unakwenda wenyewe, akili itafuata baadaye ikipenda. Rula alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Nimembeba mgongoni huyu.

Siku chache baadaye tumbo likamjaa maji tena, tukamkimbiza hospitali wakamlaza. Mimi nikabaki naye, wifi akawa anakwenda nyumbani na kurudi na chakula ambacho hakikuliwa. Safari moja akaja amechangamka. Amejipaka poda! Nikajua kuna jambo, maana tangu ugonjwa uanze wifi yangu hata kioo alikuwa amekisahau. Nikamuuliza, akasema mtaona mkirudi.

Tulirudi mchana. Tulimshusha Rula kwenye gari, mimi kwapa hili, wifi kwapa lile, mwepesi mpaka nikaona aibu kumshika kwa nguvu. Hakutaka kitanda. Akaomba kiti chake cha kazi. Na mbele ya kiti kompyuta ilikuwa imewashwa, programu imefunguka, nyeupe na tayari.

"Nimekununulia," wifi akasema. "Ya maisha. Fundi alikuja jana."

Alivyolisema lile neno! Alikuwa amesimama amekumbatia mikono yake mwenyewe, anamtazama mumewe usoni kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

Rula hakugomba. Akashika kipanya, akachora mstari mmoja, akaujibu kwa mwingine, akafunga chumba. Chumba kitupu, mlango mmoja. Halafu akaamuru mashine ichape. Karatasi ikatoka, akaivuta, akaangalia chini, kwenye pembe ya kulia. Pale ndipo programu ile inapoandika yenyewe jina la mwenyewe, kwenye kila karatasi, na halifutiki. Mchoraji ni fulani. Wateja na wakaguzi wa ujenzi huangalia pembe ile kabla ya kuangalia nyumba.

"Uliandika jina langu," akasema.

"Niandike la nani? La jirani?"

"Nilitaka liwe lako."

Wifi akacheka, kile kicheko cha mtu ambaye hajaelewa na hataki kuelewa. "Langu la nini? Mimi mtu wa utepe."

"Ndiyo maana nilitaka ya mwezi." Alikuwa anaongea kwa vituo, anavuta pumzi, anaendelea. "Mwezi wa kwanza litoke jina langu. Mwezi wa pili nibadilishe, litoke lako, nami nipo hapa hapa. Mteja akiuliza huyu ni nani, namjibu mimi mwenyewe kwa simu: ni mke wangu, tulisoma darasa moja, ngazi anachora kunishinda. Wakuzoee nikiwa hai. Nikishakwenda, hakuna mtu atakayekubali nyumba iliyochorwa na marehemu."

Ndiyo hivyo. Neno likawa limetoka, liko katikati ya sebule, na paa halikuanguka.

"Si ungesema," wifi akanong'ona. "Ungesema tu andika la kwako, ningeandika."

"Ungeandika?"

Sote tulijua. Angeangua kilio mbele ya fundi, angekwenda kuanika nguo. Mdogo wangu alikuwa ametafuta njia ya uchochoroni ili asimwumize, na yeye akaifunga kwa upendo wake mwenyewe, kwa akiba yake, kwa poda usoni. Nilitamani ardhi inimeze. Mimi nilijua nusu moja ya jambo, wifi alijua nusu nyingine, na tungekaa chini kama watu wazima tungeziunganisha.

"Nilikuwa nakununulia maisha," wifi akasema, na sasa machozi yalikuwa yanashuka bila sauti, yanachora njia kwenye poda. "Fundi alisema ni maisha ya mtumiaji. Nikasema basi, mtumiaji ni huyu, nikaandika majina yako yote matatu nisikosee hata herufi. Mimi si mjinga. Najua kompyuta haitibu ini. Lakini niliandika hivyo hivyo."

"Najua, mwenzangu."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua hali yako."

"Najua. Na wewe unajua. Tumegombana bure kuhusu programu."

Akamvuta mkono, akamketisha kwenye kiti cha pembeni, kile ambacho kwa miaka yote wifi alikitumia kumsomea vipimo. Wakakaa magoti yanagusana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mto mkononi, sijui niingie au nitoke. Nikatafuta mzaha, hata mmoja wa kijinga, nikakosa.

"Nimechoka," Rula akasema. "Nimechoka sana, mke wangu. Kila siku naamka najitahidi nisionekane nimechoka mbele yako. Naomba ruhusa nichoke."

Sijawahi kusikia mtu akiomba kitu kama kile. Wifi aliuma mdomo. Niliona anapigana, jamani, niliona sheria yake yote inapanda kooni na kushuka. Akamfuta mumewe jasho kwa kiganja, paji la uso, kisha mashavu, polepole, kama wanavyofutwa watoto wachanga.

"Choka, mume wangu," akasema. "Choka tu. Mimi nipo."

Rula akanigeukia mimi. "Na wewe, dada?"

Mdomo wangu huu, usio na breki, uligoma. Nikatikisa kichwa kukubali. Hilo tu ndilo niliweza kumpa ndugu yangu.

Fundi akapigiwa simu, akasema aliyelipia ya maisha harudishiwi na jina halibadiliki, labda walipie ya mwezi kando, kwa jina jingine. Wakalipia. Wifi akaandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja, kwa kidole kimoja, na mumewe akamsomea kwa sauti kama anayemsomea vipimo. Kisha Rula akasogezewa kochi, tukamwekea mto, na wifi akahamia kwenye kiti kikubwa. Viatu vyake havikufika chini vizuri.

"Tuanze na ile nyumba ya vyumba vitatu," Rula akamwambia. "Usianze na kuta. Anza na mahali mlango utakapoangalia."

Wifi akaanza. Alikuwa anauliza, anajibiwa, anachora, anafuta. Mara mbili walibishana kuhusu dirisha la jikoni, na Rula akashindwa. Sauti yake ikawa inakuja kwa mbali, kisha kwa mbali zaidi.

"Na ngazi za nje nizianzie wapi?" wifi akauliza.

Hakujibiwa. Akageuka. Mumewe alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mkono umening'inia kando ya kochi.

Tangu ugonjwa ule uanze, wifi yangu hakuwahi kumwacha alale mchana. Alikuwa anauogopa usingizi wake. Kila mumewe akifumba macho, yeye atamwamsha kwa kikombe cha uji, kwa kidonge, kwa swali lolote, hata kumuuliza ni saa ngapi wakati saa iko ukutani. Nilimwona anainuka kwenye kiti, mkono umeshaelekea begani kwa mumewe.

Akausimamisha pale hewani. Akaurudisha. Akaketi tena mbele ya kompyuta, na zile ngazi akaamua mwenyewe pa kuzianzia.