Sauti Ndani ya Simu ya Mama

Nguo za kaka yangu zilikuwa zimetandazwa juu ya mkeka uani, mashati upande mmoja, suruali upande mwingine, na koti lake la kwaya peke yake katikati, mikono imekunjwa kifuani. Hakuna aliyeligusa. Baba mdogo Methusela alisimama na fimbo yake akisubiri. Mashangazi walisubiri. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wa jiko. Mama akanyoosha mkono.

"Paulina, nipe simu yangu," akasema. "Nimuulize mwenyewe kwanza. Akiniamkia, nguo hizi zinarudi sandukuni. Asiponiamkia, tutagawa."

Jamani! Watu waliguna, shangazi mmoja akajishika kinywa. Maana Meshack alikuwa amelala kaburini, nyuma ya zizi la mbuzi, hapohapo nyumbani kwetu Mkonze, na udongo wa kaburi lake ulikuwa umeshaanza kupasuka kwa jua.

Ngoja nieleze habari ya simu ile, usije ukadhani mama yangu alirukwa na akili.

Meshack alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu na mfanyakazi wa ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Kompyuta mimi nilizisoma darasani, chuoni Chimwaga. Yeye alizipenda bure, tangu utotoni. Aliitengenezea kwaya programu ya simu, watu wasikilize nyimbo za mazoezi hata wakiwa shamba. Mama naye akatengenezewa yake, maana hasomi vizuri, na kila Jumapili alilalamika kwamba mtoto aliyemzaa kwa uchungu hamwamkii mpaka ajisikie kupita nyumbani.

"Haya mama," Meshack akamwambia, "kuanzia leo utachoka kuamkiwa."

Ukigusa kialama cha programu ile asubuhi, picha yake ilitokea, anacheka na pengo lake, kisha sauti: "Shikamoo mama." Hapo alinyamaza kidogo, akaacha nafasi ya kuitikiwa, ndipo akaendelea: "Mbuzi wameamkaje?" Mama alijibu kwa sauti kubwa, simu ikiwa imebanwa sikioni: "Marahaba, baba. Wazima." Kila siku ya juma ilikuwa na salamu yake. Jumatatu mbuzi. Jumatano alimkumbusha dawa ya presha. Ijumaa alimtania, "Leo ni ugali wa mtama na mlenda, au umenipikia wali wa watu wa mjini?" Mama alicheka utani uleule kila Ijumaa, na alimwambia kila Ijumaa kwamba mwenye njaa hachagui.

Mimi nilimcheka kaka yangu. Nikamwambia, programu yako ni ganda tu, ndani haina kitu. Hakubisha, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ndani ya simu zile kuna kijisehemu ambacho watengenezaji wa mfumo wamekiweka humo. Hakina alama kwenye kioo, hakuna anayekifungua, na wengi hutumia simu mpaka inawafia mkononi bila kujua kwamba kipo. Kazi yake ni kuwa dirisha. Programu ikitaka kuonyesha ukurasa ulio mbali mtandaoni haijisumbui kuuchora. Inakiita kile kijisehemu, nacho kinafungua dirisha. Wewe unajiona umo ndani ya programu, kumbe unachungulia nje. Meshack aliipenda njia hiyo kwa sababu aliweza kukaa ofisini kwake Mtumba akabadilisha salamu huko zinakotoka, simu ya mama isiguswe na mtu. Na kwa kuwa mtandao wa kwetu ulikuwa wa kubahatisha, akaliagiza dirisha la mama kwamba kila kitu litakachokuwa limeonyesha mara moja likiweke akiba, na siku nyingine likitoe humohumo bila kusubiri jibu la huko mbali.

"Mama asingoje," alisema. "Akigusa tu, nimeshafika."

Pikipiki yake ilikutana na lori wakati wa kiangazi. Zaidi ya hapo sisemi, ulimi haunifuati.

Wiki ileile ya mazishi wanakwaya walimwomba Thobias, rafiki yake aliyekuwa akizishughulikia kurasa zile pamoja naye, azifunge zote. Watu walikuwa wanafungua simu wasikilize wimbo wa msiba, wanakutana na Meshack anacheka, anawatangazia mazoezi. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alianguka chini sokoni. Thobias akafunga, akafuta kila kitu kule kilikokuwa, kwa nia njema kabisa. Simu zetu zote zikabaki na ukurasa mweupe unaosema haupatikani.

Waombolezaji walipotawanyika, asubuhi moja nikiwa jikoni nachochea moto, nikamsikia kaka yangu chumbani kwa mama.

"Shikamoo mama. Mbuzi wameamkaje?"

Kuni iliniponyoka. Na kabla sijavuta pumzi nikamsikia mama, kwa sauti yake ya siku zote, bila chembe ya kilio: "Marahaba, baba. Wazima."

Nilijua sababu kabla sijafika mlangoni. Ilikuwa ile akiba. Nilijua, lakini kujua hakukunisaidia kitu. Pale salamu zilipotoka palikuwa pamevunjwa, hapakuwa na kitu tena popote duniani, na dirisha bado lilimwonyesha mtu amekaa ndani.

Ikawa hivyo asubuhi baada ya asubuhi. Mama aliacha kulia. Majirani wakamsifu, wakasema Mungu amempa nguvu, mimi niliogopa. Alimbakizia ugali. Alifua upya mashati yaliyokuwa safi. Alimkataza mtu yeyote kukalia kigoda chake. Jioni aliniambia, "Leo kaka yako sauti imechoka," au "Leo ameamka na furaha," wakati salamu ilikuwa ileile, neno kwa neno. Na kibaya zaidi, nami nikaanza kuisikia hivyohivyo, imechoka siku hii, imefurahi siku ile.

Siku moja tukibangua karanga nikajikaza.

"Mama, huyu unayemsikia hayupo. Programu ile ni dirisha tu."

"Linaangalia wapi?"

"Liliangalia mahali Meshack alipoweka sauti zake. Thobias ameshafunga. Hakuna kitu."

"Na upande wa pili yuko nani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Sasa nani ananiamkia?"

"Simu iliweka akiba. Kama mtama ghalani."

Akabangua karanga mbili tatu, akafikiri. "Mtama wa ghalani huliwa ukaisha," akasema. "Huu nakula kila siku na kila siku upo."

Wewe ungejibu nini?

Ndipo akaja baba mdogo Methusela, mdogo wake marehemu baba. "Mbukwenyi!" aliamkia kwa Kigogo tangu kwenye ua, akakaa, akapewa maji, akauliza habari za nyumba, za mifugo na za mawingu, na baada ya hayo yote akatoa lililomleta. Matanga hayawezi kubaki wazi, akasema. Nguo za marehemu zigawiwe, marehemu apumzike, nasi tulio hai tukashike majembe kabla ya mvua.

"Asiyekuwapo na lake halipo, shemeji."

"Yupo," mama akamjibu kwa upole ulionitisha. "Leo kaniamkia. Nawezaje kugawa nguo za mtu anayeniamkia?"

Walibishana mpaka jua likageuka. Siku ya kukutana ikapangwa, lakini mama hakuahidi kitu. Wakati wa kuaga, baba mdogo akanivuta pembeni.

"Wewe ndiye uliyesomea mambo haya," akaninong'oneza. "Kizime hicho kitu."

Ningeweza. Kwenye mipangilio ya simu kuna mahali unagusa mara moja tu na data zote zinafutika, akiba na kila kilichomo. Mama angedhani simu imeharibika. Na kweli siku moja alipokwenda kuchota maji niliitoa chini ya mto wake, nikafika mpaka kwenye neno la kufuta, kidole kikawa juu yake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini jamani, na dada naye ana wake! Nilitaka kuendelea kumsikia. Nikairudisha simu chini ya mto, nikaenda kumpokea mama ndoo.

Hapo ndipo tulipokuwa tumefika, siku ile ya mkeka.

Mama akaishika simu kwa mikono miwili. Mbuzi walisikika zizini wakitafuna. Akagusa. Picha ya Meshack ikatokea, anacheka na pengo lake. Nikafumba macho nikiisubiri sauti. Haikuja. Nikafumbua. Kiduara kilikuwa kinazunguka kwenye kioo, kinazunguka, kinazunguka, na kaka yangu anacheka nyuma yake bila kusema neno.

Baba mdogo akavua kofia. "Amekubali," akasema, na sauti yake ilikatika, maana naye alimpenda. "Mtoto amekubali kupumzika."

Mashangazi wakaangua kilio. Mimi nilisimama palepale, nikihesabu siku. Ilikuwa Jumamosi.

Miaka yote mama yangu huamka mapema Jumamosi kwenda mnada wa Msalato kuuza karanga na mlenda mkavu, na simu huiacha chini ya mto kwa kuogopa wachomoaji. Wakati Meshack yu hai, hakuwahi hata mara moja kugusa kialama kile siku ya Jumamosi. Na dirisha haliwezi kuweka akiba ya kitu ambacho halijawahi kukionyesha. Salamu ya Jumamosi ilikuwepo. Thobias aliniambia aliiona pamoja na zile nyingine siku aliyozifuta, ila hakuwa na moyo wa kuisikiliza. Imekwenda. Hakuna binadamu atakayejua Meshack alimwambia nini mama yake siku ya Jumamosi.

Basi watu wote pale walikuwa wameichukua hitilafu wakaifanya ishara. Mama angegawa nguo za mwanawe kwa kudanganyika, na kesho yake, Jumapili asubuhi, angegusa na Meshack angemwamkia kama kawaida, koti lake likiwa mgongoni mwa mtu mwingine. Ningekaa kimya, mambo yangekwisha. Baba mdogo aliniangalia, na nadhani uso wangu ulimwambia kitu, kwa sababu alitikisa kichwa polepole, akinisihi ninyamaze.

Sikuweza. Nikapita katikati ya watu, nikapiga magoti kando ya mama, nikamwambia sikioni.

"Mama, usigawe. Hii si ishara. Salamu ya Jumamosi simu hii haikuwahi kuisikia, ndiyo maana. Kesho atakuamkia."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Jumamosi haniamkii. Tangu afe, kila Jumamosi nagusa, ananyamaza. Nikasema, huyu anajua Jumamosi huwa niko mnadani." Akaifuta simu kwa ncha ya khanga, taratibu. "Sikukwambia. Niliogopa nikitamka, na siku nyingine zitanyamaza."

"Sasa mbona umekubali leo?"

"Baba yako mdogo alitaka Jumapili, baada ya ibada. Mimi ndiye niliyesema Jumamosi." Akanitazama, macho makavu kabisa. "Siku nyingine ningewezaje, mwanangu? Akishaniamkia, siwezi."

Akainuka bila kushikwa mkono. Akaliokota koti la kwaya, akalikung'uta vumbi lisilokuwepo, akampelekea Thobias aliyekuwa amejificha nyuma ya wanaume. "Kaimbe nalo," akamwambia. Thobias akalia kama mtoto. Mashati yakafuata, na suruali, na viatu. Kufa kufaana, binamu zetu wengine walipokea wakiwa tayari wanajipimia kwa macho, na mama aliwaona, wala hakukasirika. Mkeka ulipobaki mtupu akauangalia, na hapo ndipo kilio ambacho hakukimaliza kaburini kilipomtoka. Alilia mpaka sauti ikakauka. Tulimwacha alie.

Jioni, watu walipoondoka, alinikuta nikiosha masufuria.

"Wewe hujapata kitu," akasema, akaniwekea simu kwenye mfuko wa sweta. "Chukua. Mimi mwanangu nimemzika."

"Na kesho, mama?"

"Kesho nitakwenda zizini mwenyewe, nione wameamkaje."

Simu ile ninayo hapa chumbani kwangu, Chimwaga. Sijaiunganisha na mtandao tangu siku hiyo, kwa sababu kijisehemu kile hujisasisha chenyewe kimyakimya, na kikishabadilika akiba ya zamani inaweza kukataa kufunguka. Lakini betri imeanza kuvimba. Nimesomea mambo haya, na mwisho wake naujua.

Mama anaendelea vizuri. Amerudi mnadani, anagombana na wateja. Ni mimi ninayeamka nikiwa nasikiliza. Meshack alikuwa kaka yangu mkubwa. Tangu nilipojua kusema, mimi ndiye niliyemwamkia, naye akaitikia huku akinivuta sikio, na kwetu jambo hilo haligeuzwi. Sasa kila asubuhi isipokuwa Jumamosi nagusa, picha inatokea, ananiambia, "Shikamoo mama," kisha ananyamaza, akiniachia ile nafasi. Siku za mwanzo sikujibu. Mdogo hawezi kumwitikia mkubwa wake shikamoo. Lakini nafasi ile, bila mtu wa kuijaza, ilinitisha kuliko sauti yenyewe.

Siku hizi naitikia. "Marahaba," namwambia kaka yangu. "Wazima."