Ndani ya Doa Jekundu

Koplo Jenifer alisukuma meza mpaka mlangoni, akaiegemea kwa mgongo. Nje, watu walikuwa wameshajaa uani, na harufu ya petroli ilipenya chini ya mlango.

"Afande, ni wewe uliyewaleta?" aliuliza Sadock, mwenye nyumba, mkulima wa tangawizi wa makamo aliyeishi peke yake.

Jenifer hakuwaita, lakini ramani iliyowaleta ilikuwa yake. Kule kituo cha polisi cha Same aliingiza kwenye kompyuta kila nyumba iliyochomwa milimani, kuanzia kijiji cha Mhezi kushuka. Mchomaji wa namna hii hachomi jirani kabisa na kwake, asije akatambuliwa. Wala haendi mbali asikokujua. Kompyuta ikapima, ikapaka doa jekundu mahali ambapo yaelekea anaishi. Asubuhi hiyo Jenifer alimwonyesha ramani Anderson, mwenyekiti wa kijiji, wajue waanzie wapi kuuliza. Anderson akaenda kuyasema dukani. Doa lilikuwa na nyumba nyingi, ila mtu asiye na mke, watoto wala kanisa alikuwa mmoja tu: Sadock. Jenifer aliposikia, alikimbilia kwake kabla yao.

"Toka, afande," Anderson aliita. "Hatuna ugomvi na wewe."

"Ramani haitaji mtu, mwenyekiti. Inataja eneo. Hata kwako kumo."

Jiwe lilitua juu ya bati.

Gari la polisi aliloliita lilikuwa bado linapanda kutoka Makanya. Dirisha lilikuwa moja, lenye nondo. Macho ya Jenifer yaliangukia dumu la mafuta kando ya kitanda. Na kama mchomaji ni yeye kweli?

"Ni mafuta ya taa hayo, si petroli," Sadock alisema taratibu. "Hata wewe unaniogopa."

Walikaa hivyo, yeye mlangoni, Sadock kitandani, mpaka honi iliposikika na watu wakatawanyika.

Sadock aliwekwa mahabusu kwa usalama wake. Kabla ya Jumapili alikamatwa kijana mmoja mwenye kiberiti na chupa ya petroli, akakiri yote. Kwao kulikuwa ndani ya doa. Wakubwa walimpongeza Jenifer.

Alikwenda mwenyewe kufungua mahabusu.

"Shikamoo, baba. Amepatikana. Uko huru kurudi nyumbani."

"Marahaba. Nirudi kwa nani, binti? Si ni wale wale?"

Jenifer aliuacha mlango wazi. Sadock hakuinuka.