Nguchiro na Askari wa Forodha

...na bado anapekua kitabu, Vivianne wangu, amesimama kule nyuma karibu na mlango wa ukumbi wa kanisa, analamba kidole, anafungua ukurasa, anarudi tena mwanzo, na watu wa Burumba wanamtazama wakitabasamu, si kwa ubaya, lakini wanatabasamu, "iko tu hapa, nipeni dakika, ni pale nguchiro anakutana na askari wa kastoms kwa mto," anasema, na mwalimu Emukule, mpole kama kawaida yake, "tafuta tu, dada, tuko na wakati," lakini mimi najua hata akipewa mwaka mzima hataupata, ukurasa huo haupo, haujawahi kuwapo, niliutunga mimi mama yake, nikiwa nimeshika kitabu kama hicho na nisijue hata a... na nani alimwita leo, si mimi mwenyewe, nilimpigia simu Malaba nikamwambia njoo Jumamosi, watu wanatoa maoni juu ya kile kitabu chako cha nguchiro anayeongea, nilitaka anione nimesimama na karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu, miezi kumi na minne ya gumbaru, masomo ya watu wazima kwa mwalimu Emukule, nikijificha kama mtoto anayetoroka shule, nilitaka aone kwanza ndipo nimweleze, na sasa ameinuka kabla yangu, haraka hiyo ameitoa kwangu. Yote yalianza vizuri, mzee Ojakol alisema mnyama akiongea hilo ni pepo, watoto wasisomewe, na Selpher anayeuza samaki wa omena akamjibu, "mzee, wewe unaongeanga na ng'ombe wako kila asubuhi, nani alikukemea?" tukacheka, kisha Selpher huyo huyo akasema nguchiro ni mjinga, kwa nini ampee mfalme bubu sauti yake yote na yeye abaki kimya porini, "mfalme akipata sauti si ni ya kutupigia kelele?" nami nikaitikia kwa kichwa kwa sababu ndivyo nilivyoandika, sentensi tano, nimezifuta na kuzirudia mpaka karatasi ikatoboka, halafu Vivianne akanyoosha mkono... Ile picha ya kitabuni ndiyo iliyoniponza, nguchiro yuko kando ya mto na mzigo mgongoni, mbele yake mwanamume mwenye kofia na fimbo, sasa sisi tuliozaliwa mpakani, mtu wa kofia kando ya mto ni nani kama si askari wa forodha, na mzigo ni nini kama si sukari ya Uganda, kumbe nimekuja kusoma nakala ya gumbaru mwaka huu na nywele zina mvi, ni mvushaji tu, mtu mwema mwenye mtumbwi wake, na mzigoni kuna dawa ya mfalme, nilicheka peke yangu jikoni, kisha sikucheka tena. Nilikuwa navusha sukari mimi mwenyewe wakati ule, kwa njia ya panya, narudi jioni na matope mpaka magotini, namkuta Vivianne amekaa na kitabu alichotuzwa shule ya nasari, "mama nisomee," ningesema nini, nikapitisha kidole kwenye mistari kama nilivyoona walimu wakifanya, nikasema yaliyokuwa moyoni, na kesho yake ananiambia, "mama, huu ukurasa jana ulikuwa mrefu," namwambia jana nilisoma polepole... Na alipoanza kusoma vibao vya maduka kwa sauti, nikaona nimekwisha, nikakichana kitabu, ukurasa mmoja mmoja, nikafungia njugu za kuuza, nikamwambia panya wamekula, akamlilia nguchiro siku mbili, nami nikiuza njugu, Mungu anisamehe, hilo sijaliandika kwenye karatasi. "Labda ulisoma kitabu ingine," huyo ni Christabel, tunasoma naye gumbaru, na sasa wanacheka waziwazi, kaa chini Vivianne, kaa tu mwanangu, lakini hakai, "hapana, ni hii, mama alinisomea, nguchiro anamwambia askari, niulize swali lolote, nikikosa jibu chukua mzigo, anaulizwa mpaka jua linazama na hakosi hata moja," na kicheko kinapungua, "mimi niko Malaba miaka nane na makaratasi ya malori, ofisa akinikalia ngumu, mimi hukumbuka tu huyo nguchiro, namwambia niulize," na sasa hakuna anayecheka, hata Ojakol ameegemea mbele, "hiyo ndiyo ingekuwa kwa kitabu," Selpher anasema, "hiyo nimependa"... wamesikia? Mimi nimesikia, miaka ishirini na mitatu nimeubeba uongo huo kama aibu, kumbe mtoto aliubeba kama ngao, wanasema njia ya mwongo ni fupi, yangu imefika Malaba ikafungua ofisi, na nimefurahi, acha niseme, nimefurahi mpaka kifua kinauma, mwanamke asiyejua kusoma, miguu ina matope, alimpa binti yake nguchiro asiyenyamaza, na leo ukumbi mzima umempenda kuliko yule wa kitabuni... Lakini yeye bado anapekua, ameanza tena ukurasa wa kwanza, uso umeanza kumwiva, anadhani akili yake ndiyo imemdanganya, nami ningeweza kunyamaza, nani angejua, angerudi Malaba akijishuku maisha yake yote, la, mficha uchi hazai, na mimi nimekwisha kuzaa, yuko pale mlangoni. Kwa hiyo nainua mkono, mwalimu Emukule hajaniona, anamtazama yeye, si kitu, nashika kiti cha mbele, nasimama, karatasi yangu iko mkononi na tundu lake, na maneno yameshajipanga, sikuyafundishwa na mtu, funga kitabu, mwanangu, usitafute, ni mimi, panya hawakula kitu, nilikuwa sijui kusoma, kaa sasa nikusomee.