Mfupa Uliokohoa

Daktari wa mgongo alitandika kitambaa cha kijani mezani, akapanga juu yake vitu vitatu kama mchuuzi anayefungua biashara. Mbele yake aliketi mama mmoja, fundi cherehani, ameelemea upande kama kabati lililovunjika mguu. Binti yake alimshika mkono. Pingili mbili za kiuno zilikuwa zinasagana. Zisipounganishwa, fundi hataketi tena kwenye cherehani.

"Chagua, mama," alisema daktari. "Hiki ni kizimba cha titani, kijikasha cha kutiwa kati ya pingili. Mfupa hukishika vizuri, ila ni kigumu, huweza kuzama kwenye pingili. Hiki cha plastiki kinanepa kidogo, lakini mifupa huchelewa kukikubali. Na hiki ni kipande cha mfupa wa mtu. Chochote utakachochagua, tutakikaza kwa skrubu na vyuma viwili."

Fundi hakuwahi kununua kitambaa bila kukifikicha sikioni. Akafanya hivyo hivyo. Titani ililia kama kijiko. Plastiki haikusema kitu. Mfupa ukakohoa.

"Pindo," ukasema, "umekonda."

Alikuwa mumewe, mpaka rangi wa majumba, aliyefia hospitali hiyo hiyo mwaka juzi baada ya kudondoka ngazini. Hakuna mwingine aliyemwita fundi Pindo.

"Ni baba yako," akamwambia binti.

"Hajambo?"

"Bado anakohoa. Si nilimwambia afunge mdomo akipaka rangi!"

Hakushangaa kwamba mfupa umesema. Mumewe hakuwahi kunyamaza kwa hiari. Kilichomkata maini ni maneno yaliyofuata.

"Kwa nini uliwaruhusu wanichukue?"

"Mimi? Hakuna aliyeniuliza!"

Mfupa ukakohoa tena. "Nami nimekununia muda wote huu, mke wangu."

Fundi akakumbuka jeneza lilivyokuwa jepesi. Wabebaji walisema mtu mwema hana uzito, naye akawashukuru.

"Daktari, mlitoa nini kingine?"

Daktari alitazama dari. "Hapa ndivyo tunavyofanya, mama. Marehemu huwa hana pingamizi."

"Huyu analo."

Daktari akauweka mfupa sikioni, akasikiliza kwa adabu. "Ndiyo, mzee. Ndiyo." Akaurudisha mezani. "Anasema kule kwenye kabati la mifupa kuna baridi. Haya, mmechagua kipi?"

Fundi aliufunika mfupa kwa kiganja. "Nitie huyu. Siwezi kumwacha aende mgongoni kwa mtu asiyemjua."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Fundi alirudi kwenye cherehani, wima kama mshumaa, na kila alipoinama mno, kiuno kilikohoa naye akanyooka.

Siku ya kliniki alipita karibu na kabati lile, mlango ukiwa wazi. Ndani, sauti nyingi zilikuwa zinaita watu kwa majina ya nyumbani.

"Majirani zangu," kiuno kikasema. "Wasalimie."

"Hamjambo?" alisema fundi.

Kabla hawajajibu, muuguzi aliyebeba kitambaa cha kijani aliusukuma mlango kwa goti, ukajifunga, akaenda kumtandikia daktari meza.