Kengele ya Kurudi Nyuma

Miaka mitatu sikutulia. Nikiketi kula nainuka, nikilala naamka kutembea uani. Mke wangu alichoka kuniuliza natafuta nini.

Nilikuwa rubani wa manowari Gasconade, iliyoundwa wakati wa vita kwa siku tisini pale Mound City, kando ya mto. Omo, yaani mbele, na mbavu zilivishwa mabamba ya chuma. Tezi, upande wa nyuma, ikabaki mbao tupu, maana chuma kiliisha. Basi sharti lilikuwa moja: adui asiione tezi. Ukimkimbia, unarudi kinyumenyume huku unamtazama.

Mdogo wangu Lemueli alikuwa chini kwenye mitambo, ubavuni mwa boila, akipokea amri zangu kwa kengele. Asubuhi tuliyoteremka mto kuishambulia ngome ya adui alinifuata.

"Kaka, mambo yakichacha nipigie tu kengele ya kurudi nyuma. Nitakutoa hata mto wote ukitusukuma."

"Nenda kachochee moto, mdomo huo hauchemshi maji."

Yakachacha. Kapteni akaamuru tuondoke. Nami nilikuwa nimeendesha meli za pamba miaka kumi na moja, na kila gati nilitoka kwa kuzungusha omo kuelekea mto unakotoka. Mikono ikafanya ilichozoea. Nilipiga kengele ya mbele, nikazungusha usukani, tezi ikaielekea ngome. Mazoea yana taabu. Kombora lilipita kwenye zile mbao likapasua boila.

Gasconade ilizama, ikaopolewa, ikazibwa, ikapigana miaka miwili zaidi. Lemueli naye alipona, uso na mikono vimebabuka, na hakunisemesha tena. Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Vita vilipokwisha meli iliuzwa ivunjwe kwa ajili ya chuma chake. Wavunjaji walikuwa maili mbili kuelekea mto unakotoka, nami niliomba niipeleke. Mitambo ile hakuna aliyeijua kama Lemueli, kwa hiyo wakamwita na yeye. Alinipita ngazini kana kwamba mimi nguzo.

Meli ilikuwa imefungwa, omo ikitazama mto unakoteremkia. Kamba zikafunguliwa. Nikapiga kengele ya kurudi nyuma.

"Rubani, umelewa?" mnunuzi aliniita kutoka gatini. "Si uigeuze kwanza?"

"Hii siigeuzi tena."

Mitambo haikuanza. Mkondo ulianza kutuvuta kuelekea kule kule kwenye ngome. Ndipo sauti ikapanda kwenye bomba la kusemea.

"Umechelewa, kaka."

"Najua, Lemueli."

Gurudumu la kusukuma maji likaanza kuzunguka kinyumenyume.